Kuunda RAID kwenye Linux kwa mdadm, na kuiokoa inapogoma

Wengi wetu tulijifunza RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, siku ilipoharibika. Diski imekufa, seva haiwaki, watu wanasubiri mafaili yao, nawe unanakili amri usizozielewa kutoka ukurasa wa kwanza ulioupata. Hakuna siku mbaya ya kujifunza kuliko hiyo, kwa sababu mdadm, programu inayosimamia safu za diski kwenye Linux, ni mtiifu mno. Itakuuliza mara moja kama una uhakika, na ukijibu ndiyo, inaandika juu ya data yako bila kusita. Kwa hiyo hapa tutaanzia upande wa pili: tuunde RAID kwa diski za bandia, tuivunje kwa makusudi, tuitibu, ndipo tuguse diski zenyewe.

Nachukulia unatumia Debian, Ubuntu au Fedora. Amri zote ziendeshe kama root.

## Chagua aina kabla ya kununua diski

RAID 0 inagawa data kwenye diski zote ili kasi iongezeke, na diski moja ikifa yote yamekwenda. RAID 1 ni pacha: kila diski ina nakala kamili. RAID 5 inahitaji diski tatu au zaidi, inatoa nafasi ya diski moja kwa ajili ya pariti (hesabu ya ziada inayowezesha kurudisha data ya diski iliyokufa), na inastahimili kifo cha diski moja. RAID 6 inaanzia diski nne na kustahimili vifo viwili, vyovyote viwili. RAID 10 inaunganisha pacha na mgawanyo. Ya diski nne inaweza kupoteza diski mbili, mradi zisiwe pacha wa wenyewe kwa wenyewe.

Ukiwa na diski mbili, chukua RAID 1 na usisumbuke zaidi. Ukiwa na nne, mimi huchagua RAID 10 panapohitajika kasi ya kuandika, na RAID 6 panapohitajika nafasi na usalama. RAID 5 kwenye diski kubwa siipendekezi tena. Diski moja ikifa, nyingine zote lazima zisomwe mwanzo hadi mwisho ili mpya ijengwe, na wakati huo hakuna pariti ya kusahihisha kosa lolote. Karatasi za sifa za diski nyingi za kawaida hutaja kiwango cha kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, yaani kama terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko hivyo, lakini siku ya kujenga upya ndiyo siku ambayo sekta mbovu, iliyokaa mwaka mzima bila kusomwa, inajitokeza.

Na RAID si nakala rudufu. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote kwa sekunde ileile. Nakala rudufu ikae mahali pengine kabisa.

## Zoezi kwa diski za bandia

Sakinisha mdadm (`apt install mdadm`, au `dnf install mdadm` kwenye Fedora), kisha tengeneza mafaili manne yatakayojifanya diski:

```
cd /var/tmp
for n in 1 2 3 4; do
  truncate -s 1G d$n.img
  losetup -f --show d$n.img
done
```

Kila mzunguko utakuonyesha jina ulilopewa. Hapa nitachukulia ni loop10 hadi loop13. Kwenye Ubuntu namba za mwanzo mara nyingi zimeshachukuliwa na vifurushi vya snap, kwa hiyo soma za kwako, usiige zangu.

```
mdadm --create /dev/md/zoezi --level=5 --raid-devices=3 \
  /dev/loop10 /dev/loop11 /dev/loop12
cat /proc/mdstat
```

Utaona kitu kama hiki:

```
md127 : active raid5 loop12[3] loop11[1] loop10[0]
      2093056 blocks super 1.2 level 5, 512k chunk, algorithm 2 [3/2] [UU_]
      [==>..................]  recovery = 14.3% (150144/1046528) finish=0.2min speed=50048K/sec
```

Mistari hii jifunze kuisoma kama unavyosoma saa. `[3/2]` ina maana safu inataka diski tatu, zinazofanya kazi kamili ni mbili. `[UU_]` ndiyo picha yenyewe: U ni nzima, mstari wa chini ni pengo. Mtu wa mara ya kwanza hushtuka hapa, akidhani diski mpya imekufa. Haijafa. RAID 5 mpya huanzishwa ikiwa pungufu kwa makusudi, kisha diski ya mwisho hujazwa kama vile ni spea, kwa sababu njia hiyo ni ya haraka zaidi. Safu inatumika tangu sasa, huna haja ya kungoja.

Weka data, ngoja mdstat ionyeshe `[UUU]`, halafu uue diski moja:

```
mkfs.ext4 /dev/md/zoezi
mkdir -p /mnt/zoezi
mount /dev/md/zoezi /mnt/zoezi
cp -r /etc /mnt/zoezi/
mdadm /dev/md/zoezi --fail /dev/loop11
cat /proc/mdstat
```

Sasa loop11 ina alama `(F)`, na picha ni `[U_U]`. Fungua mafaili uliyonakili: yote yapo. Ondoa iliyokufa, ingiza spea, utazame inavyojengwa:

```
mdadm /dev/md/zoezi --remove /dev/loop11
mdadm /dev/md/zoezi --add /dev/loop13
watch -n1 cat /proc/mdstat
```

Rudia mpaka vidole vizoee. Jaribu pia kuisimamisha (`umount /mnt/zoezi`, kisha `mdadm --stop /dev/md/zoezi`) na kuiunganisha tena kwa `mdadm --assemble`. Ukimaliza, isimamishe na uachilie mafaili kwa `losetup -d`.

## Diski halisi: jua ipi ni ipi

Majina kama sdb na sdc hayana uaminifu. Yanaweza kubadilika ukiwasha mashine upya, au ukiongeza diski nyingine. Kisichobadilika ni namba ya mfululizo iliyochapishwa kwenye diski yenyewe:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
ls -l /dev/disk/by-id/
```

Seva moja niliyokuwa naihudumia iliripoti kwamba sdc imekufa kwenye RAID 5 ya diski nne. Nikaizima, nikahesabu kutoka kushoto, a, b, c, nikachomoa ya tatu. Ilikuwa nzima. Nilipowasha, safu ikakataa kusimama, kwa sababu sasa zilikosekana mbili. Kilichoniokoa ni kwamba sikuendesha amri yoyote ya kuandika: nilizima, nikarudisha ile diski mahali pake, na safu ikarudi kama ilivyokuwa. Tangu siku hiyo kila diski ninayofunga ina kipande cha karatasi ya gundi chenye herufi nne za mwisho za namba yake, kimebandikwa upande unaoonekana bila kuichomoa. Kazi ya dakika mbili.

Kisha angalia kama diski zina mabaki ya zamani. `wipefs /dev/sdb` peke yake huonyesha tu. Ukiongeza `-a` ndipo inafuta. Ukishahakikisha hakuna unachokihitaji:

```
wipefs -a /dev/sdb
wipefs -a /dev/sdc
sgdisk -n 1:0:-100M -t 1:fd00 /dev/sdb
sgdisk -n 1:0:-100M -t 1:fd00 /dev/sdc
mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1
mkfs.ext4 /dev/md0
```

Unaweza kuipa mdadm diski nzima bila patisheni, lakini nakushauri utumie patisheni. Mfumo mwingine ukikuta diski isiyo na jedwali la patisheni, unaidhania tupu na kumshawishi mtu aiandae upya. Zile megabaiti 100 zilizoachwa mwishoni zina kazi yake: diski ya kubadilisha utakayonunua baadaye inaweza kuwa ndogo kidogo kuliko hizi, na mdadm haitaikubali ikipungua hata kwa nywele.

Hifadhi maelezo ya safu ili mashine iitambue inapowaka:

```
mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf
update-initramfs -u
```

Kwenye Fedora faili ni `/etc/mdadm.conf` na amri ya pili ni `dracut -f`. Alama ni `>>`, mbili. Ukiweka moja unafuta yaliyokuwemo. Kisha fungua faili uone kama hakuna mstari wa zamani wa safu hiyohiyo. Watu wengi wanaolalamika kwamba md0 yao imegeuka kuwa md127 baada ya kuwasha upya waliiruka hatua hii, au walisahau kusasisha initramfs, ule mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka.

Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya vinavyopachikwa mashine inapowaka, tumia UUID (utambulisho wa kipekee) unayoipata kwa `blkid /dev/md0`, na kama mfumo wenyewe hauishi kwenye safu hiyo, ongeza `nofail`, ili RAID ikigoma mashine iendelee kuwaka uweze kuitibu.

Mfumo ukiwa ndani ya RAID 1, kumbuka kuwasha mashine ni jambo la kila diski peke yake. Kwenye BIOS endesha `grub-install` kwa diski zote mbili. Kwenye UEFI, patisheni ya EFI lazima iwepo pia kwenye diski ya pili, isasishwe pamoja na ya kwanza. Chomoa diski ya kwanza mara moja, uone kama mashine inawaka kwa ya pili. Fanya hivyo kabla haijabeba data ya mtu.

## Ulinzi

Safu pungufu hufanya kazi kimya kimya, na hapo ndipo hatari ilipo: diski ya kwanza inakufa leo, hakuna anayejua, ya pili inakufa miezi minane baadaye. Weka mstari wa `MAILADDR` wenye anwani yako kwenye mdadm.conf, kisha ujaribu:

```
mdadm --monitor --scan --oneshot --test
```

Barua isipokufikia, huna ulinzi. Tengeneza utumaji barua wa mashine hiyo kwanza.

Pia safu isomwe yote mara kwa mara. Debian na Ubuntu hupanga ukaguzi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwa mkono ni hivi:

```
echo check > /sys/block/md0/md/sync_action
cat /sys/block/md0/md/mismatch_cnt
```

Namba hiyo kwenye RAID 5 au 6 iwe sifuri. Kwenye RAID 1 yenye swap (nafasi ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada) inaweza kuwa juu kidogo bila madhara.

## Diski imetolewa kwenye safu

Kabla ya kufanya lolote, soma. Amri hizi haziandiki kitu kwenye diski:

```
cat /proc/mdstat
mdadm --detail /dev/md0
mdadm --examine /dev/sd[b-e]1
journalctl -k | grep -E 'ata|sd[b-e]|md'
smartctl -a /dev/sdc
```

Matokeo yake yahifadhi kwenye faili lililo nje ya safu. Ukihitaji msaada wa mtu mwingine, hicho ndicho kitu cha kwanza atakachokuomba.

Kwenye smartctl, inayosoma rekodi ya afya ya diski, angalia mistari minne. Ya 5, 197 na 198 inahusu sekta: zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana. Zikipanda, diski inakufa. Ya 199 ni tofauti, inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na ikipanda peke yake mkosaji karibu kila mara ni kebo au sehemu inapochomekwa. Badilisha kebo kabla ya kununua diski. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo kinachotazamwa ni kama inaendelea kupanda.

Kuna ugonjwa mwingine unaoua RAID nyingi za nyumbani, nao hautajwi vya kutosha. Diski ya kawaida ikikutana na sekta mbovu, inaweza kuhangaika nayo kwa dakika moja, mbili au zaidi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, husubiri sekunde 30 tu, kisha inajaribu kuamsha mawasiliano upya, diski haijibu, nayo inatupwa nje ya safu ingawa ina sekta moja tu yenye tatizo. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID hukata tamaa mapema, na md, sehemu ya kerneli inayoendesha RAID, hupata nafasi ya kuiandika upya sekta hiyo kutoka kwa pacha au pariti. Jaribu kuiamrisha yako ifanye vivyo hivyo:

```
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdc
```

Hizo ni sekunde 7. Diski ikisema haiwezi, basi mwongezee kerneli subira:

```
echo 180 > /sys/block/sdc/device/timeout
```

Nyingi husahau mipangilio hii umeme ukikatika, kwa hiyo iweke kwenye kitu kinachoendeshwa kila mashine inapowaka.

## Kubadilisha diski

Diski ikiwa inachechemea lakini bado inasomeka, usiiondoe kwanza. Chomeka mpya, igawe kwa amri ileile ya sgdisk, kisha:

```
mdadm /dev/md0 --add /dev/sdf1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sdf1
```

Data inanakiliwa kutoka kwa mgonjwa akiwa bado safuni, na pale tu asipoweza kusoma ndipo wengine wanasaidia. Kinga haipungui hata dakika moja. Ikiwa imeshakufa kabisa, ni `--fail`, `--remove`, `--add` kama tulivyofanya kwenye zoezi.

Kuna njia ya mkato ya kunakili jedwali la patisheni kwa `sgdisk -R`. Mimi siitumii tena: diski inayotajwa mwanzo, baada ya `-R`, ndiyo inayoandikwa, na ya mwisho ndiyo inayosomwa. Ukigeuza, jedwali tupu la diski mpya linafuta la diski nzima.

Kujenga upya kukienda polepole kuliko diski zinavyoweza, pandisha sakafu ya kasi: `sysctl dev.raid.speed_limit_min=50000`. Ikibaki polepole siku nzima, angalia kama diski mpya ni ya aina ya SMR, ambayo huandika njia zake zikipandana kama vigae. Hiyo haifai RAID, irudishe.

## Safu haisimami kabisa

Umewasha mashine, mdstat inaonyesha `inactive` na kila diski ina `(S)`. Usiidhanie zimegeuka spea. Hivyo ndivyo zinavyoonekana kabla safu haijaanza. Mara nyingi inatosha kuisimamisha na kuiunganisha tena:

```
mdadm --stop /dev/md127
mdadm --assemble --scan --verbose
```

Ikikataa, soma hesabu ya matukio. Kila diski hubeba namba inayopanda pamoja na wenzake safu inapobadilika, na diski iliyotoka hubaki nyuma:

```
mdadm --examine /dev/sd[b-e]1 | grep -E '^/dev|Events'
```

Tuseme ni RAID 5 ya diski nne, na umepata sdb1 48213, sdc1 48213, sdd1 48209, sde1 31877. Namba hizi zinakusimulia kisa kizima. sde ilitoka zamani, na safu ikaendelea pungufu bila mtu kujua. Juzi sdd nayo ikaanguka, pengine kwa sababu ya kebo au umeme, na kila kitu kikasimama. Matukio manne tu yanaitenganisha na wenzake, kwa hiyo data yake karibu yote ni ya sasa. sde ina data ya zamani, na ukijenga juu yake unachanganya leo na mwaka jana.

Kama smartctl inaonyesha sdd ina sekta mbovu, inakili kwanza kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye diski mpya, uiweke ile asili pembeni, na uendelee na nakala. Kama ni nzima:

```
mdadm --stop /dev/md0
mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt
```

sde haimo kwenye orodha, makusudi. Neno `noload` nalo usiliache: ext4 ikipachikwa kwa `ro` peke yake bado hucheza jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika), na kucheza jarida ni kuandika. Kwenye XFS andika `ro,norecovery`. Nakili mafaili muhimu kwenda nje sasa hivi, kabla ya fsck (amri ya kukagua na kutengeneza mfumo wa mafaili) na kabla ya kuongeza diski yoyote.

Utakutana na ushauri wa kuendesha `--create` upya juu ya diski zilezile. Usiufuate. Mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mahali data inapoanzia vyote lazima vilingane na vya mwanzo, na chaguo-msingi la mahali data inapoanzia limebadilika kati ya matoleo ya mdadm. Amri inaonekana kufaulu, safu inawaka, na ndani yake ni takataka, huku maelezo ya asili ambayo yangeweza kukuongoza yameshafutwa. Kama hakuna njia nyingine kabisa, fanya hivyo juu ya nakala za diski.

Data ikishakuwa salama nje, pachua, endesha `fsck -n /dev/md0` kuona hali, kisha fsck halisi. Ipime sde kwa `smartctl -t long /dev/sde`. Ikifaulu, ifute utambulisho wake wa zamani na uiingize kama mgeni:

```
mdadm --zero-superblock /dev/sde1
mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1
```

Ikifika `[4/4] [UUUU]`, endesha `check` mara moja, usome mismatch_cnt, na ujaribu tena ile barua ya `--test`, kwa sababu sde ilitoka bila mtu yeyote kuarifiwa.